Kama Ana Akili, Mbona Hana Hela?

Soma kwa ajili ya somo hili: Mhubiri 9:11–18, 1 Wafalme 3:11–13, Isaya 28:23–29, 1 Samweli 25:2–35, Mathayo 20:1–16, 25:14–30, Yakobo 2:1–9, 5:4.

Kuna swali ambalo vijana wa Arusha huulizana kijiweni kwa mzaha: kama una akili hivyo, mbona huna hela? Watu hucheka, na anayeulizwa hucheka pamoja nao maana hana la kujibu. Lakini ndani ya mzaha huo mna imani kamili. Inasema kwamba kipato ni cheti cha akili: aliye juu amepandishwa na kichwa chake, aliye chini ameangushwa na kichwa chake, na kazi anayoifanya mtu inatosha kutuambia ana nini kichwani. Imani hiyo haibaki kijiweni. Sabato asubuhi huingia nasi kanisani, huketi viti vya mbele, na wakati wa kuchagua viongozi huingia hata katika kamati ya uteuzi.

Soma Mhubiri 9:11. Mwandishi anataja watu watano ambao tungetazamia washinde: mwenye mbio, shujaa wa vita, mwenye hekima, mwenye ufahamu na mwenye ustadi. Angalieni kwamba watatu kati ya hao watano ni watu wa akili. Mwenye hekima hana uhakika wa chakula, mwenye ufahamu hana uhakika wa mali, mwenye ustadi hana uhakika wa kupendelewa. Wote hukutwa na nyakati na mambo wasiyoyapanga. Maneno haya yangesemwa na mtu aliyeshindwa maisha, tungesema anajifariji. Lakini ni ya Sulemani, aliyekuwa na vyote viwili. Na tukirudi 1 Wafalme 3:11–13 tunakuta jambo ambalo ni rahisi kulipita: Sulemani aliomba hekima, akapewa, kisha Mungu akamwongezea mali ambayo hakuiomba. Kama hekima ingezaa mali yenyewe, kama mgomba unavyozaa ndizi, nyongeza hiyo ingekuwa ya nini? Zilikuwa zawadi mbili, na kila moja ilitolewa peke yake.

Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru hatuhitaji kwenda mbali kuliona hilo. Tanzanaiti huchimbwa Mirerani, wilayani Simanjiro, na kwa miaka mingi madalali waliiuza na kuinunua mitaani hapa Arusha. Mwezi Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa takriban shilingi bilioni 7.74. Agosti akauza la tatu, la kilo 6.3. Mwenyewe alisema wazi kwamba hakupata elimu ya shule, na akasema angependa kujenga shule karibu na nyumbani kwake. Sasa tuligeuze swali la kijiweni. Wiki moja kabla ya mawe hayo kutoka, je, akili yake ilikuwa pungufu kuliko wiki moja baadaye? Kichwa kilikuwa kilekile, na bidii ileile ya miaka. Na waapolo wangapi wameshuka mashimo ya jirani wakiwa na bidii kama yake, wakapanda na vumbi tu? Wengi wao hufanya kazi bila mshahara, kwa chakula cha kila siku na ahadi ya mgawo siku jiwe litakapotoka. Kuna ambao siku hiyo hawajaiona hadi leo.

Kisha kuna Mzee Jumanne Mhero Ngoma. Huyu ndiye ambaye Serikali inamtambua kuwa mgunduzi wa tanzanaiti, mwaka 1967. Wapo wanaotaja majina mengine, na ubishi huo si wa darasa letu. La kutazama ni hili: mwaka 1968 jiwe lile lilipewa jina la biashara na Tiffany, sonara mkubwa wa New York, na likaanza kuvaliwa na matajiri wa dunia. Aprili 2018, Rais Magufuli alipozindua ukuta unaozunguka machimbo, alimtangazia mzee huyo zawadi ya shilingi milioni 100. Ilikuwa imepita miaka 51, na mzee alikuwa mgonjwa. Alifariki mwaka uliofuata. Yale mawe mawili ya Juni 2020 peke yake yalilipwa zaidi ya mara 77 ya zawadi hiyo. Someni sasa Mhubiri 9:13–16, habari za maskini mwenye hekima aliyeuokoa mji, na jinsi mji ulivyomtendea baadaye.

Mtu anaweza kusema madini ni bahati nasibu, tusiyajengee hoja. Haya, tupande mlimani. Shamba la Mmeru au la Mwarusha ni kazi ya akili tangu mpakani hadi mpakani: migomba juu, kahawa chini ya kivuli chake, maharage chini zaidi, ng'ombe wa zizini anayerudisha samadi shambani, na mfereji unaoshuka kutoka mlimani ambao maji yake hugawanywa kwa zamu, na zamu hiyo lazima mtu aikumbuke na kuitetea bila kugombana na jirani. Isaya 28:23–29 inasema nani aliyemfundisha mkulima. Nabii anaeleza kwa makini kwamba mbegu hii hupandwa hivi na ile vile, hii hupurwa kwa fimbo na ile haipitishiwi gurudumu, kisha anasema ujuzi huo wote umetoka kwa Bwana. Ni moja ya mafungu ambayo hatuyahubiri vya kutosha. Tumezoea kusema Mungu humpa hekima mfalme, nabii na mwanafunzi aliye katika chumba cha mtihani. Isaya anasema humpa pia mtu aliyeshika jembe.

Na mtu huyo alilipwaje? Hadi katikati ya mwaka 1989, mauzo ya kahawa duniani yaliongozwa na mkataba wa kimataifa uliokuwa ukizipa nchi mgao. Julai mwaka huo mgao ukasimamishwa, na bei ya soko la dunia ikaporomoka hadi karibu nusu. Mkulima wa Nkoaranga hakuamka siku moja akiwa mjinga nusu. Mibuni ilikuwa ileile, mkono wa kuikatia ni uleule, kikapu cha kuchumia ni kilekile. Mkutano uliovunjika ng'ambo ulifanya kijana mmoja aendelee na kidato na mwingine arudi nyumbani. Mwaka 2020 tuliliona tena kwa sura nyingine: watalii waliokuja Tanzania walipungua kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka uliotangulia hadi takriban 620,000, na waongozaji wanaojua lugha tatu na majina ya ndege wa Momela wakakaa nyumbani bila kazi.

Wasomi nao wamelipima jambo hili, na wamelipima huku kwetu. Mwaka 1980 wachumi John Knight na Richard Sabot waliwachunguza wafanyakazi wa kuajiriwa wa Nairobi na Dar es Salaam. Hawakuuliza tu mtu amesoma miaka mingapi na analipwa nini. Waliwapa pia jaribio la michoro, lile ambalo mtu huonyeshwa mchoro wenye pengo akachagua kipande kinacholingana, jaribio lisilohitaji kujua kusoma. Kisha wakawapima kando uwezo wa kusoma na kuhesabu. Kwa hiyo waliweza kutenganisha mambo matatu ambayo sisi huyachanganya: wepesi wa akili, miaka ya shule, na kile ambacho mtu alikijua hasa. Matokeo, ambayo waliyakusanya katika kitabu cha mwaka 1990, yalikuwa haya: wepesi wa akili peke yake uliongeza mshahara kidogo tu, miaka ya shule iliongeza kwa kiasi, kilicholipa sana ni kujua kusoma na kuhesabu vizuri. Akili ilisaidia, ndiyo, lakini ilisaidia kwa kupitia darasani. Aliyekuwa nayo bila kupata dawati na mwalimu, soko halikumwona. Na wakati huo nafasi za sekondari hazikuwa sawa: Kenya ilikuwa imeruhusu shule nyingi za harambee, Tanzania ilikuwa imebana nafasi ili elimu ya msingi iwafikie wote. Upande gani wa mpaka umezaliwa nao ukawa na neno katika mshahara wako. Uchunguzi huo ulihusu walioajiriwa, si mama wa genge wala mkulima, lakini kwa hao unatosha kulitikisa swali la kijiweni.

Maana kati ya kichwa na mfuko wa mtu pamesimama mtu mwingine. Yuko baba aliyeuza ng'ombe. Yuko mwalimu aliyekataa mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili ya ada. Na katika familia nyingi za kwetu yuko dada aliyeacha shule ili kaka aendelee, ambaye leo anauza nyanya Soko la Kilombero huku kaka akisimuliwa kama mwenye akili wa ukoo. Kumbukumbu la Torati 8:17–18 inatuonya tusiseme moyoni kwamba nguvu za mikono yetu ndizo zilizotupatia utajiri. Wengi tunafikiri fungu hilo linadai tumkumbuke Mungu tu. Linadai hivyo kwanza. Lakini mtu anayemkumbuka Mungu kwa ukweli atakumbuka pia aliyetumwa na Mungu.

Je, basi bidii ni bure? Mwalimu wa darasa ategemee swali hili, na ni swali la haki. Mithali 10:4 na 22:29 haziwezi kufutwa. Lakini tuzisome kwa makini. Mithali 10:4 inazungumza juu ya mkono mlegevu, haisemi neno juu ya kichwa kizito. Na inasema uvivu huelekeza kwenye umaskini. Haisemi kwamba kila maskini alikuwa mvivu. Kila mbuzi ana miguu minne, lakini si kila chenye miguu minne ni mbuzi. Marafiki wa Ayubu walikosea hapo hapo: walichukua kanuni ya kweli wakaigeuza kinyumenyume, wakamhukumu nayo mtu aliyekaa majivuni.

Hapa tusimame kidogo, maana tuko karibu kutumbukia shimo jingine. Ni rahisi sasa kumaliza kwa kusema: kumbe mlinzi wa getini naye ana akili, basi tumheshimu. Neno zuri, ila kipimo ni kilekile. Tumemtetea mlinzi kwa kumpandisha katika ngazi ya akili. Je, yule ambaye kweli hana wepesi huo? Katika makanisa yetu wapo watoto waliozaliwa na ulemavu wa akili, na wapo watu wazima wanaoelewa polepole na kusahau haraka. Kama heshima inatokana na akili, hawa hatuna la kuwaambia. Mwanzo 1:27 haikutaja kiwango. Kristo hakumfia mtu kwa kuwa ni mwerevu.

Tena Biblia inaye tajiri ambaye jina lake lenyewe maana yake ni mpumbavu. Nabali wa 1 Samweli 25 alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, mali ambayo ingemfanya mtu wa kusikilizwa Simanjiro au Monduli hata leo. Lakini katika nyumba ile ni nani aliyeona hatari inakuja? Ni kijana mtumishi mmoja (fungu la 14 hadi la 17), aliyemwendea Abigaili kwa sababu alijua bwana wake hasemezeki. Nyumba nzima iliokoka kwa sababu mwenye nyumba mmoja, Abigaili, alimsikiliza mtu wa mshahara mdogo. Mkumbukeni na yule binti mdogo wa kazi katika nyumba ya Naamani, 2 Wafalme 5. Jemadari alikuwa na farasi, fedha na barua ya mfalme. Habari iliyomponya ilitoka kwa mtoto aliyechukuliwa mateka. Hakuna mahali panaposemwa kwamba binti huyo alikuwa na akili kupita wengine. Alijua jambo la kweli, akalisema, na waliokuwa juu yake hawakumnyamazisha.

Mfano wa talanta nao tumeuzoea hata hatuusikii tena. Tukisema mtu ana talanta tunamaanisha kipaji chake. Lakini katika Mathayo 25 talanta ni fedha, na fedha nyingi: dinari zipatazo 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku (Mathayo 20:2). Aliyepewa talanta moja, yule tunayemhurumia, alikabidhiwa ujira wa karibu miaka ishirini. Na fedha haikuwa yake. Fungu la 15 linasema kila mmoja alipewa kwa uwezo wake, kwa hiyo Bwana anajua kwamba hatulingani, wala hafichi. Lakini linganisheni fungu la 21 na la 23. Wa tano na wa mbili wanasikia maneno yaleyale, neno kwa neno. Bwana hakumwongezea sifa yule wa tano. Ellen White, katika kitabu chake cha mwaka 1900 kuhusu mifano ya Kristo, alipanua sura ya talanta ikahusu pia usemi, wakati, afya, nguvu, fedha na hisia za wema. Akili ni mojawapo kati ya nyingi. Na mwandishi huyo mwenyewe shule yake ilikatizwa akiwa na miaka tisa hivi, baada ya kupigwa jiwe usoni. Kamati ya uteuzi inayouliza kwanza elimu ya mtu na mahali anapofanya kazi ingemweka wapi binti huyo?

Sisemi shule haina maana. Kanisa hili limejenga shule kila lilikokwenda, na kwenye mteremko juu ya Usa River tuna Chuo Kikuu cha Arusha. Lakini uchunguzi wa mwaka 1980 unatuambia shule ni kitu gani: ni mahali ambapo akili ya mtoto hupewa mlango. Basi ada ya mtoto wa mshiriki maskini haipaswi kuhesabiwa pamoja na misaada inayotolewa ikibaki fedha. Ni deni la wale waliofunguliwa mlango na mtu mwingine.

Na kuna deni jingine lililo karibu zaidi. Tukiamini kwamba mtu hulipwa kadiri ya akili yake, basi mshahara mdogo wa binti wa kazi haututii wasiwasi: tunasema ndicho kiwango chake. Yakobo 5:4 haiulizi kiwango chake cha akili. Inasikia kilio cha ujira uliozuiliwa. Katika Mathayo 20 mwenye shamba aliwakuta watu wamesimama sokoni saa kumi na moja jioni akawauliza kwa nini wamesimama kutwa bila kazi. Jibu lao ni fupi, liko fungu la 7: hakuna aliyetuajiri. Hawakusema hatujui kulima. Aliwalipa dinari nzima, na dinari ndiyo iliyokuwa chakula cha nyumba moja kwa siku moja. Aliyefika asubuhi alinung'unika, na sisi wenye vyeti tukiusoma mfano huu kwa unyofu tutajikuta tumesimama karibu naye.

Kwa mjadala wa darasa, chukueni jambo moja la hapa hapa. Soko la Tengeru hukusanyika Jumatano na Jumamosi. Mama Mwadventista anayeuza ndizi pale ana siku moja ya soko mahali ambapo jirani yake ana mbili. Ndizi zao zinatoka mteremko mmoja, bei ni moja, na kuhesabu wanajua sawasawa. Mwisho wa mwaka jirani ameezeka nyumba, yeye bado, na watu wanasema hana akili ya biashara. Je, kanisa linajua sababu? Tunamshuhudia kwa wengine kama mfano wa utii. Je, ni wangapi kati yetu hununua kwake Jumatano? Na Ijumaa alasiri, kabla jua halijatua, ni nani katika darasa hili anayejua mzigo uliobaki nyumbani kwake ni kiasi gani?